Nani Nyumbani Humu Atamgusa Mbwa?

Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa mna bahati ya simu. Mwenye mbwa akiona mshono umevimba anaupiga picha, nanyi mnautazama mkiwa mmekaa zenu ufukweni Mama Ngina mnakula mihogo. Sisi tulikwenda kwa miguu. Tulikwenda Tudor, tukaenda Kizingo, tukaingia vichochoro vya Mji wa Kale, na kila nyumba tuliinama tukatazama tumbo la mbwa kwa macho yetu. Siwaambii haya ili mseme wa zamani walikuwa hodari. Nawaambia kwa sababu picha huonyesha mshono tu, haionyeshi aliyeshika simu amesimama mbali kiasi gani na mbwa wake.

Mimi kazi nimeiacha. Kifua changu kimeyakataa manyoya. Niliambiwa nichague baina ya mbwa na pumzi, nikachagua pumzi. Sijafika hamsini na tayari mwaniita mstaafu. Lakini niliiacha mara nyingi kabla haijaniacha yenyewe. Nilikwenda Tanga nikauza viatu, nikaenda Lamu, nikaenda Unguja nikapaka nyumba rangi. Miguu yangu haikai, na nikifika mahali ninaloanza nalo ni kukumbuka nilikotoka. Kila niliporudi ile kliniki ndogo ya Mbaraki, Mwadime alikuwa palepale mlangoni na aproni yake ya mpira. Yeye ndiye aliyenifunza. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema tu, "Umechoka kutembea? Haya, shika miguu ya nyuma."

Kazi yangu hasa ilikuwa mbwa majike waliotolewa kizazi. Daktari akishamaliza, mimi ndiye niliyempeleka mbwa nyumbani, nikawaeleza wenyewe namna ya kumtunza, kisha nikapita kumwangalia mpaka nyuzi zitoke. Upasuaji ni wa saa moja, lakini uuguzaji ni wiki mbili, na mbwa wengi niliowaona wakiharibika waliharibikia nyumbani.

Watu wa Mombasa hucheka nikiwaambia mbwa anasikia baridi. "Joto hili?" Naam, joto hilihili. Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili, na ukimlaza juu ya simiti tupu atatetemeka kama mtu wa homa. Tandika gunia, juu yake leso kuukuu. Maji mpe kidogo kidogo, maana akinywa kwa pupa atatapika, na kutapika kunakaza tumbo lililoshonwa. Chakula cha jioni ile kiwe cha kuonja tu. Asiruke, asikimbie, asipande ngazi. Asiogeshwe. Usimpake manjano, wala jivu, wala maji ya bahari, hata kama bibi yako alipona nayo. Madume waweke mbali naye, kwani harufu hubaki siku nyingi na wao hawajui kwamba mambo yamekwisha.

Tena mwulize mwenye nyumba ana dawa gani kabatini. Mwalimu mmoja mstaafu wa Tudor alimpa mbwa wake vidonge vyake mwenyewe vya magoti. "Nilimwona yuwaumwa kama mimi," akaniambia, "nikampa nusu ya ninayomeza." Mbwa alitapika mpaka tukadhani tumemkosa. Mwalimu alilia waziwazi mbele ya majirani. Tangu siku ile sikusema tena, "Msimpe dawa za watu." Nilisema, "Nionyesheni mnazo zipi," kisha nikavitaja vidonge kimoja kimoja.

Na kola, ile anayovikwa shingoni asiufikie mshono. Siku hizi zinauzwa dukani, za plastiki laini, hata zipo fulana za mbwa za kufunika mshono asiulambe. Sisi tulikata kitako cha mtungi wa mafuta ya kupikia. Ya kwanza niliyoikata mimi niliiacha na makali yake, ikamchuna mbwa shingo. Mwadime hakunigombeza. Aliitoa kwa mbwa, akaninyooshea. "Vaa."

"Nivae?"

"Vaa wewe. Uende nayo mpaka saa ya chakula."

Niliivaa. Wateja walikuja wakanikuta mapokezi, shingo ndani ya mtungi wa mafuta, na Mwadime akiwaambia, "Huyu ni mgonjwa mkali, msimkaribie." Tangu hapo kila kola yangu niliipindia kitambaa ukingoni. Aibu ile ilikuwa tamu. Hata leo naisimulia nikicheka. Ninayotaka kuwasimulia sasa sijawahi kuisimulia nikicheka.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale. Wengi wenu mwajua maana yake, na wasiojua niwaambie. Kwetu mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa, au ukimgusa akiwa majimaji, unaosha mahali pale mara saba, moja ya hizo kwa udongo, kisha ndipo unaswali. Si chuki kwa mbwa. Mbwa wa kulinda nyumba anaruhusiwa, na kumtesa ni dhambi kama kumtesa kiumbe mwingine. Lakini hupati kijana wa mtaani kwetu akiulizwa kazi aseme, "Nashika mbwa."

Basi mimi sikusema. Mama yangu, Bi Nuru, nilimwambia nafanya kazi stoo ya dawa Mbaraki. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa udongo mkavu nilioupepeta mwenyewe. Kila jioni nilizunguka nyuma ya kliniki, penye bomba, nikanawa zangu saba, nikabadilisha shati, lile la kazi nikalikunja ndani ya mfuko. Wateja nao niliwaficha ule mkebe. Wengi hawakuwa Waislamu, nami sikutaka wanione naoshea udongo baada ya kumshika mpenzi wao, wakadhani namdharau. Kwa hiyo nyumbani nilijificha kwa ajili ya mbwa, na kazini nikajificha kwa ajili ya udongo. Mwadime, ambaye ni Mtaita na Mkristo, aliniona siku moja pale bombani. "Kwani hiyo ni wizi?" akaniuliza. Hakungoja jibu. Alinishikia kata ya maji mpaka nikamaliza.

Nyumba za Mji wa Kale zenye mbwa zilikuwa chache, na nilimwomba Mwadime azichukue yeye. Siku aliyoletwa Askari, Mwadime alikuwa amekwenda kuzika kwao.

Askari alikuwa jike la rangi ya mchanga, sikio moja limesimama, jingine limelala. Mwenyewe alikuwa Bi Zuhura, mjane aliyeishi peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili isiyo mbali na kwetu. Wezi walikuwa wameshuka kwake kutoka paani, na mwanawe anayefanya kazi Arabuni akamtafutia mbwa. Bi Zuhura hakutaka kumpa jina la mtu. "Nimwite Asumini, kisha Asumini mwenyewe akasirike? Ana kazi, na aitwe kwa kazi yake." Alimtengea ua wa ndani na sakafu ya juu paani, akamtilia chakula katika bakuli lake kwa upawa mrefu. Hakuwahi kumgusa. Lakini aliongea naye kutwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuongea naye.

Tatizo lilikuwa madume. Kila Askari alipotaka dume, mbwa wa mji mzima walikuja kulia mlangoni kwa Bi Zuhura. Majirani wakavumilia mara mbili. Mara ya tatu walimjia wakamwambia ama amtoe, ama atamkuta amelishwa sumu. Kumtoa kizazi ndiyo njia pekee iliyokuwa imebaki ya yeye kubaki na Askari.

Nilimrudisha na tuktuk mpaka kichochoro kilipokuwa chembamba, nikambeba hatua zilizobaki nikiwa nimemfunika shuka gubigubi, saa ya mchana ambapo watu wamelala. Nilimlaza uani. Nikaanza maneno yangu kama kasuku: gunia, maji kidogo, asipande ngazi. Kisha nikamwambia lile kubwa.

"Asubuhi na jioni umwinue mdomo, Bi, umtazame ufizi. Ukiwa na rangi ya waridi, kheri. Ukiuona mweupe, yuwavuja damu ndani. Usingoje, tupigie simu."

"Nimwinue mdomo?"

"Naam."

Akautazama mdomo wa Askari, umelegea, mate yanamchuruzika. Akanitazama mimi. "Naam, mwanangu," akasema. "Nimesikia."

Mimi ni mtoto wa mtaa ule. Najua "naam, nimesikia" ya bibi wa Mji wa Kale inapomaanisha nitafanya, na inapomaanisha sitaki kukuvunjia heshima. Niliisikia vizuri sana. Na mkebe ulikuwa mkobani, umening'inia begani pangu. Ilikuwa ni kuutoa tu, kuinua mdomo wa Askari mbele yake, kisha kwenda bombani nikanawa, aone kwamba jambo lile linafanyika na mtu akabaki mtu. Lakini kuutoa mkebe ni kusema mimi ni nani. Nikaaga.

Siku ya pili nilipita. Barazani, ng'ambo ya mlango wake, wazee walikuwa na kahawa yao, na mmoja wao alikuwa maalimu aliyenisomesha Qurani chuoni nilipokuwa mdogo. Nilisimama mlangoni, mgongo nikiwa nimewapa.

"Ufizi umeuona, Bi?"

"Nimeona wekundu."

"Yuwala?"

"Kidogo."

Nilipaswa kuingia. Nikasema "Alhamdulillahi," nikaenda zangu upesi kama mtu aliyepeleka barua.

Siku ya tatu, alasiri, alipiga simu kliniki. Askari hataki kuinuka. Nilikimbia. Nilimkuta chini ya ngazi, juu ya gunia lake, na leso safi chini ya kichwa. Tumbo lilikuwa limejaa, laini, likicheza kama mfuko wa maji. Nikaupandisha mdomo. Ufizi ulikuwa mweupe kama chokaa ya ukuta.

"Bi Zuhura, jana uliona wekundu wapi?"

Alisimama kwenye ngazi ya tatu, ameshika mwiko mkuukuu uliozungushiwa kitambaa. Kwa huo ndio alikuwa akijaribu kumfungua mdomo, kutoka mbali, na macho yale ya uzee. Alichokiona ni ulimi. Kisha usiku Askari alipanda sakafuni juu kama alivyozoea. Bi Zuhura alikuwa ameziba ngazi kwa kiti, Askari akakisukuma, naye hakuweza kumshika.

"Nilitaka, mwanangu," akasema. "Wallahi nilitaka. Nikafikiri, nikimshika nitanawa saba, maji ninayo. Lakini huo udongo niutoe wapi? Mji mzima ni simiti. Nimtume nani, nimwambie wa nini?"

Udongo. Kilichomzuia ni konzi moja ya udongo, na mimi nilikuwa nimekuja nao nyumbani kwake mara mbili nikaondoka nao.

Sikumwambia. Nilisema inabidi afike kliniki sasa hivi. Tuktuk ilikuwa inangoja mwisho wa kichochoro. Nikamfunga Askari shuka, nikafika mlangoni, nikafungua kidogo. Swala ya alasiri ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wanatoka msikitini, kichochoro kimejaa kanzu, na baraza lile limeanza kujaa.

Nikafunga mlango. "Bi," nikasema, "tungoje kidogo watu wapungue."

"Wapungue?"

"Ama nizungukie huku nyuma, nitokee sokoni."

"Huko ni mbali mara mbili." Alishuka ngazi moja. "Wewe si mtoto wa Bi Nuru?"

Nikaikaza shuka ya Askari.

"Nimekujua tangu siku ya kwanza, kwa namna unavyotembea, kama marehemu baba yako. Ukawa hutaki kujuliwa, nikakusitiri. Hata jina sikukuuliza. Sasa nawe nisitiri. Sina mtu humu ila huyu."

Nami bado nilisimama. Nitawaambia ukweli, vijana wangu: mbwa anatokwa damu mikononi mwangu, nami nawaza maalimu atasema nini.

Bi Zuhura akavuta leso yake ya begani, akaikunja mikononi, akaja akamtia Askari mikono chini ya kifua kunipokonya. Mwanamke wa umri ule, magoti mabovu, ambaye hajagusa mbwa maisha yake yote. Alimkokota mpaka kizingitini. Mate ya Askari yakampaka buibui toka kiwiko mpaka kiganjani. Hakuangalia hata. Akafungua mlango kwa bega, akafika kibarazani, magoti yakamkataa, akakaa kitako pale mbele ya wanaume wote, mbwa mapajani.

"Haya," akaniambia kwa sauti ya kawaida. "Njia ndiyo hii."

Nikamchukua Askari, nikatoka. Shuka ilikuwa imebaki ndani. Nilimbeba kifuani kama mtoto, ulimi wake juu ya shingo yangu, nikapita katikati ya kanzu nyeupe. Wakajibana ukutani huku na huku kunipisha. Nilipopita baraza, mmoja tuliyesoma naye akapaza sauti, "Athumani! Kumbe dawa za stoo zina mkia? Saba hizo, usisahau!" Wakacheka. Maalimu hakucheka. Alikusanya kanzu yake magotini, akavuta miguu nipite, akatazama kikombe chake. Nilitamani anitukane.

Askari alipona. Daktari alimfungua tena, akaukuta mshipa ulioachia uzi, akaufunga. Jioni ile ufizi ulianza kurudi rangi, polepole sana, na Mwadime, ambaye alikuwa amerudi asubuhi, alikaa chini sakafuni akimpapasa. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kola ya mtungi ingekuwa nafuu," akasema.

Nilifika nyumbani magharibi ikiingia. Sikuwa nimebadilisha shati. Nilikuwa nimechoka, nami nilijua habari imeshatangulia, kwa kuwa kwetu habari hazingoji tuktuk. Mama alikuwa uani, kwenye kigoda, beseni mbele yake.

"Wa Bi Zuhura yu hai?" akauliza.

"Yu hai."

"Alhamdulillahi. Vua shati hilo, nilitie na yale mengine."

"Mengine yapi, Mama?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye beseni kulikuwa na mashati yangu ya kazi, yale niliyokuwa nikiyaleta yamekunjwa ndani ya mfuko nikiyaita machafu ya stoo. Ndani ya beseni maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Pembeni ya bomba, nyuma ya ndoo, palikuwa na kopo la udongo. Nililiona kila siku. Nilidhani ni la mche wake wa kilua.

Miaka yote ile nililalamika mashati yangu meupe yana umanjano kwenye pindo. "Mama, wafulia maji gani haya?" Naye akajibu, "Maji ya mji, mwanangu, si unayajua." Kumbe shati moja lilifuliwa mara saba, kwa mikono yenye baridi yabisi, na akanyamaza, maana mimi ndiye niliyetaka pawe na kimya.

"Umejua tangu lini?"

"Stoo ya dawa gani inayotoa manyoya?"

Nikachuchumaa. Nikavuta beseni kwangu. Hakuliachia mara moja. Vidole vyake vilikuwa vimekauka, kucha zina udongo. Kisha akaliachia, akajifuta kwa leso, akakaa sawa juu ya kigoda.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Zuhura kumweleza hali ya mbwa wake, nikautoa mkebe mkobani, nikaupigilia rafu karibu na bomba lake, mlango ukiwa wazi na baraza likiona. Askari aliporudi, kila asubuhi na jioni Bi Zuhura alimwinua mdomo kwa mkono wake mwenyewe, akanipigia simu akanisomea rangi. Nanyi mkifika nyumba yoyote, kabla ya gunia, kabla ya kola, kabla ya hizo picha zenu, ulizeni kwanza: nani nyumbani humu atamgusa mbwa huyu? Wakikujibu haraka, uliza tena. Na kama kuna kinachowazuia, huenda unacho wewe mkobani.

Lakini jioni ile sikuwa na funzo lolote la kumpa mtu. Nilikuwa na beseni. Nilifua, nikamwaga, nikafua, na Mama akahesabu juu yangu kama alivyonihesabia nilipokuwa mdogo. Nilipofika ya saba nikalikamua shati nikasimama kulianika.

"Wapi?" akasema. "Ya udongo umeiruka."

Nikakaa chini, nikaanza tena.